Mbona ya Bi Karima

Kiswahili nilifundishwa na wauaji. Sisemi hivi kwa kujitapa, maana hapa Unguja ninapoishi sasa watu wamezaliwa nacho, na mimi mpaka leo muuza ndizi hunirekebisha maneno kwa upole. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Neno mshukiwa nililijua kabla sijajua kuomba bilauri ya maji. Aliyeniletea wauaji hao ni Bi Karima, mtunzi wa hadithi za upelelezi, jirani yangu wa ua mmoja pale Magudju, mjini Moroni, mwaka ule kisiwa cha Nzuani kilipojitenga. Juzi nimepigiwa simu kutoka Mutsamudu kwamba amefariki alfajiri na wamemzika kabla ya adhuhuri. Kijana aliyenipigia akaniomba radhi kwamba hawakuweza kuningoja. Nikamwambia hapana neno, mwenyewe marehemu alijenga kazi yake yote juu ya jambo hilo hilo, kwamba maiti wetu hamngoji mtu. Kijana akadhani huzuni imenipanda kichwani, na mimi sikuweza kumweleza kwenye simu. Ndiyo nimekaa kuandika.

Nimezoea kuandika mambo ya siku yangu, nani kapita, nini kimepikwa, mvua imenyesha au haikunyesha. Hiyo si kazi ya mwandishi na sijidai. Shule niliiacha mapema. Hofu yangu ni kwamba nitamfanya Bi Karima mkubwa kuliko alivyokuwa, kwa kuwa nilimpenda, au mdogo kuliko alivyokuwa, kwa kuwa sijui kuandika. Basi nitasema nilichokiona na nilichokisikia, na mahali ambapo mwingine anasimulia vingine nitamsemea na yeye.

Ua wetu ulikuwa na vyumba vya mawe meusi pande mbili, na katikati jiko la pamoja, bati juu ya nguzo. Mimi nilikaa upande wa jua na cherehani yangu. Mume wangu alikuwa Marseille. Nilizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, nikaletwa mdogo Ngazija, kisiwa chenye Moroni, pamoja na Wakomoro waliofukuzwa huko, kwa hiyo Wangazija waliniita mtu wa Majunga na Wanzuani nao wakaniita vivyo hivyo, na mwaka ule kuwa si wa huku wala wa kule kulinifaa, kwa kuwa pande zote zilisema mbele yangu bila kupunguza sauti. Bi Karima alikaa upande wa kivuli na mashine yake ya taipu. Alikuwa mjane wa makamo, mnene wa kiasi, miwani yake imefungwa kwa uzi wangu wa kushonea. Asili yao ni Mutsamudu, kisiwani Nzuani, lakini alizaliwa na kusoma Unguja, ndiyo maana aliandika kwa Kiswahili katika mji ambao watu wake husema Kingazija. Vitabu vyake vilichapwa Dar es Salaam, vikasomwa huko mpaka vikakatika mgongo, na Moroni hapakuwa na duka hata moja lililoviuza. Mchapishaji alimwekea bastola kwenye kila jalada, ingawa katika hadithi zake hakuna aliyewahi kupigwa risasi. Wapita njia hawakuweza kuzitofautisha mashine zetu mbili. Walidhani uani mna mafundi cherehani wawili. Mmoja akamwuliza yeye anashona nini, akajibu bila kucheka kwamba anashona sanda.

Nilikuwa nikidhani mtunzi hukaa akaangalia dari akangoja mawazo. Yeye alipika. Asubuhi hakuigusa taipu mpaka awe ametwanga mataba, yale majani ya muhogo ambayo hapa mnayaita kisamvu, ameyatia nazi, na mafuta yameanza kupanda juu ya chungu. Alisema akili yake ni mbuzi, ukimvuta kamba hatembei, ukimpa mgongo anakufuata mwenyewe. Na akiwa jikoni aliuliza maswali. Palikuwa na bibi mmoja mwosha maiti, akishuka kutoka Mvuni na ndizi zake za kuuza, na Bi Karima alimwita, akampakulia wali, akamwacha ale kwanza. Kisha akamwuliza kama katika miaka yote ya kuosha amewahi kuona kitu mwilini mwa marehemu akanyamaza. Bibi yule akasema kazi yake ni kuosha, akaomba pilipili. Alipoondoka Bi Karima alikuwa na furaha kama mtu aliyeposwa. "Umemsikia?" akaniambia. "Hakusema hapana."

Alinieleza kwamba katika hadithi za Wazungu maiti hulazwa kwenye barafu akamngoja daktari ampasue, halafu daktari akasema yote. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko chini ya mchanga, na mpelelezi akifika anakuta kaburi bichi na sinia za wali. Kwa hiyo mpelelezi wake alilazimika kuwasoma walio hai: nani amekimbilia kubeba jeneza na siku zote alimkwepa marehemu, nani amekula sana, nani amekaa mbali na ndugu zake. Alisema yeye hana damu ya kuwaonyesha wasomaji, ana matanga tu, na kwa mtu anayejua kutazama matanga yanatosha. Tangu siku ile sijawahi kwenda mazikoni nikatulia.

Kila Alhamisi baada ya alasiri alitusomea barazani alichokiandika wiki ile. Alisoma Kiswahili, na palipokuwa pagumu akatia Kingazija. Walikuja majirani wa kike na watoto wao, na mbele kabisa, kwenye kiti cha pekee, aliketi Mbae Mlamali. Mbae ni heshima ya mzee wa kiume kwa Wangazija. Alikuwa mstaafu wa forodha, mtu aliyekwisha kufanya ada, ile harusi kubwa ambayo Mngazija asipoifanya huzeeka huku akihesabiwa miongoni mwa vijana, na Kiswahili alikipata bandarini kwa mabaharia, matusi yakiwamo. Kazi yake pale ilikuwa kukisia muuaji. Alimshuku kila mtu, hata mpelelezi, na mara moja alimshuku mchapishaji. Bi Karima alisoma huku akitutazama kwa juu ya miwani. Tulikuwa tukila karanga, na nilichelewa sana kugundua kwamba karanga zile hazikuwa ukarimu mtupu. Mahali tulipoacha kutafuna alipatia alama. Mahali tulipoendelea kutafuna, usiku huo alipafuta.

Hadithi ya mwaka ule ilikuwa hivi. Mfanyabiashara mzee, Mngazija aliyehamia Mutsamudu, anakutwa amekufa ghalani mwake katika mji wa kale, kule kwenye vichochoro. Nyuma ya ukuta amepanga mwanamke wa Kitanga, na yeye ndiye shahidi pekee, hakuona kitu, alisikia tu. Watu wote wanamtazama jirani wa marehemu, Mnzuani mzee kuliko yeye, aliyegombana naye miaka mingi juu ya mlizamu, ule mfereji wa paani wa maji ya mvua. Alhamisi moja Bi Karima akasoma kwamba shahidi yule alisikia sauti ya mzee ikisema neno moja, "Mbona", kisha kishindo. Mimi Kiswahili changu kilikuwa bado kibichi. Nikauliza, kwa nia safi kabisa, ni nani aliyemwamkia.

Inanipasa kueleza, maana msomaji wa hapa hatacheka kama walivyocheka wao. Kule visiwani mdogo humwamkia mkubwa kwa kusema kwezi, na mkubwa humjibu mbona. Ni kama shikamoo na marahaba. Basi mimi niliposikia mzee kasema mbona, nilijua tu kwamba kuna mtu kaingia kwa adabu. Walicheka mpaka karanga zikamwagika. Mama mmoja akanifafanulia kwa huruma kwamba kwa Kiswahili mbona ni kuuliza sababu, mzee alikuwa anamwuliza muuaji wake kwa nini. Niliona haya hata nikatamani kurudi kwenye cherehani. Lakini Bi Karima hakucheka. Alivua miwani, akaishika mapajani, akatugeuzia uso ambao haukuwa ukimtazama yeyote, na akasema kusoma kumekwisha kwa leo. Tulidhani amekasirika. Tulipokuwa tukikunja majamvi tukasikia taipu.

Kesho yake jikoni akaniuliza, "Zalihata, aliyemwamkia ni nani?"

Nikamwambia asinitanie zaidi, nimekwisha kutaniwa.

"Nauliza kweli, mwanangu. Mzee hakuuliza kitu. Mzee alijibu. Kuna mtu aliingia akasema kwezi, na mzee akamjibu kama anavyomjibu kila mtoto wa watu. Basi si mgeni, si adui, na ni mdogo kwake." Akakoroga chungu, akakisahau kijiko ndani. "Yule wa Kitanga alisikia Kiswahili chake. Polisi akaandika kwa Kifaransa kwamba marehemu aliuliza sababu. Neno lenyewe likapotea njiani, na hakuna hata mmoja aliyedanganya."

Mbae Mlamali, mpaka anakufa, alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali lile, mimi nikarudia. Sikumbuki hivyo, lakini alikuwa karibu na kiti cha msomaji kuliko mimi. Na Bi Karima mwenyewe, siku nyingine alipokuwa amechoka, alisema angefika tu hata bila sisi. Huenda. Kosa lilikuwa langu, hilo nina hakika nalo. Kujua la kulifanyia kosa kulikuwa kwake, na huko ndiko ninakokusifu. Watu wengi walilisikia kosa lile alasiri ile, na sote tulilichukua nyumbani kama kichekesho.

Kutokana na neno lile muuaji alijitokeza mwenyewe. Alikuwa mpwa wa marehemu, kijana aliyevuka bahari kutoka Ngazija kumwomba mjomba wake asimame naye katika ada yake. Mjomba kwa Wangazija ndiye mlango. Akikataa, kijana atakaa upande wa watoto mpaka ndevu ziwe nyeupe. Mjomba alikataa, na tena alikataa mbele za watu. Bi Karima alilitazama jambo hilo kama fundi anavyotazama kitambaa kilichotosha bila kubaki kipande.

Halafu redio ikasema Nzuani imejitenga. Nitajaribu kuwa mwadilifu hapa, maana nimewasikia wengi wakilisimulia jambo lile kwa upande mmoja tu. Wanzuani walisema Moroni inakula peke yake, kwamba mishahara haifiki, shule zimefungwa, na hospitali mgonjwa anakwenda na uzi wake wa kushonewa. Wangazija walisema hata wao mishahara haiwafikii, na kwamba ndugu mwenye njaa hugonga mlango, hachomi nyumba. Nilivyoona mimi wote walikuwa wakisema kweli. Magudju haikumbadilikia Bi Karima siku moja. Muuza samaki alianza kumfungia mwisho, baada ya wote. Jirani aliyezoea kuazima kinu chake akaazima kwingine. Kisha maneno yakatembea kwamba yule Mnzuani wa taipu anatunga kitabu ambacho muuaji ni Mngazija, tena anakisoma hadharani, kwenye nyumba ya Mngazija. Muuaji ni nani hasa tulijua wawili tu. Mwenye nyumba akaja, mtu mpole, akanywa kahawa, akasifu mataba, akasema yeye binafsi hana neno, ila watu wanamwuliza.

Mbae Mlamali alikuja asubuhi, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akakaa jikoni kwenye kigoda cha wanawake. Nilikuwa nikichambua mchele.

"Karima, dada yangu," akasema, "yule mzee wa mlizamu si yupo? Mfanye yeye. Kitabu chako, nani atakuuliza?"

"Yule hawezi kusema kwezi, Mbae. Ni mkubwa kwa marehemu."

"Mpunguze umri."

"Nikimpunguza umri hatagombana na mzee juu ya mlizamu. Ataona haya."

Mbae Mlamali akafikiri. "Kweli ataona haya," akasema, na kwa muda akaonekana kama mtu aliyetatuliwa fumbo. Kisha akakumbuka alichojia. "Lakini mimi siongelei kitabu. Naongelea nyumba. Ukikisoma vile, hawa hawatakuacha ukae."

Bi Karima alimshukuru kwa dhati, kwa kuwa alijua ni rafiki ndiye aliyesema. Na mimi nilielewa siku ile kilichokuwa kwenye mizani: upande mmoja mwisho wa kitabu, upande wa pili chumba chake, baraza lake, na watu pekee duniani waliomsikiliza akisoma. Hakuwa na wengine. Wasomaji wake wa Dar es Salaam hakuwahi kuwaona wakitafuna.

Meli za mizigo zilikuwa bado zinavuka, na Bi Karima akaamua kwenda Mutsamudu kabla hazijakatazwa. Nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka kununua shiromani, zile nguo wanazojitanda wanawake wa Nzuani, na kwa sababu magoti yake hayakupenda ngazi za meli. Wenzangu walidhani anakwenda kwa siasa au kwa ndugu. Alikwenda kwa ukuta. Alisema hawezi kuandika ukuta asioupapasa, na tena kuna jambo linamnyima usingizi: kama yule wa Kitanga aliisikia mbona, kwa nini hakuisikia kwezi?

Tulifikia kwa binamu yake Madi, mpakia mizigo bandarini, katika nyumba ya mawe chini ya ngome, ambako vichochoro ni vyembamba hata wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Bi Karima akapata ghala tupu la jirani, akaniweka nyuma ya ukuta, akasimama upande wa pili na kuanza. Kwezi, kwa sauti ya kawaida. Nikapiga kelele kwamba nasikia. Kwezi, chini kidogo. Nasikia. Juu yetu palikuwa na dirisha, na dirishani mzee asiyetuona, aliyedhani kuna mtoto mwenye adabu anapita, naye akamjibu kila mara, mbona, mbona, kwa sauti iliyojaa kichochoro. Baada ya muda akachoka. "Nimekwisha kukujibu, mwanangu," akasema kutoka juu. "Unataka nini tena, baraka au pesa?" Nilicheka hata nikakaa chini. Bi Karima hakumjibu. Alikuja mbio, kwa magoti yale, akanishika mkono. Alikuwa amelipata. Mwenye kuamkia huinama, sauti yake hushuka kifuani, na kadiri adabu inavyokuwa kubwa ndivyo neno linavyokuwa dogo. Mwenye kujibu hana sababu ya kuinama. Ukuta ungepitisha jibu na kuizuia salamu. Akalijaribu tena, ameinama kweli kweli kama mbele ya mjomba, na upande wangu sikusikia kitu isipokuwa yule mzee wa dirishani, ambaye hakuweza kujizuia.

Tungerudi siku ile tungerudi na furaha tupu. Lakini tulikula kwa Madi. Palikuwa na shelisheli la kuchoma, samaki wa nazi, na ile pilipili yao ya kusaga, na barabarani vijana walikuwa wakipita na bendera ya Kifaransa, maana waliojitenga walitaka kurudi kwa Wafaransa. Madi akamwuliza dada yake anaandika nini, naye, kwa kuwa alikuwa bado na joto la ukuta, akamhadithia kitabu chote. Madi akajipiga kofi gotini. Akasema ndivyo, muuaji wa Kingazija, aandike hivyo hivyo na amwongezee.

"Nimwongezee nini?" Bi Karima akauliza.

"Ubaya, dada. Watu wa Moroni wajione kwenye kioo."

Madi hakuwa mtu mbaya. Mke wake alikuwa amejifungua mwaka ule hospitalini kwa mwanga wa simu... hapana, simu hizo hazikuwapo. Kwa mwanga wa mshumaa alioununua yeye mwenyewe, na mtoto hakuishi. Alikuwa na sababu. Lakini nilimwona Bi Karima akilirudisha tonge sahanini, na hakulichukua tena. Alasiri tulikaa darini kuangalia paa za mji, akasema jambo ambalo nililiandika baadaye, nadhani sawasawa: kule wanataka amwokoe kijana, huku wanataka amchafue, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza ni kijana wa namna gani. Halafu akasema hata yeye hakujiuliza. Alimjua kwa umri wake, kwa salamu yake, na kwa sababu yake. Alikuwa amekata nguo nzuri, mtu wa kuivaa hakumpima.

Tuliporudi Magudju alianza upya kutoka sura ya kwanza, na wasikilizaji wakadhani amekwisha kumbadili muuaji. Nimewajua mafundi wengi, na wachache wanaweza kufumua vazi lililokwisha kusifiwa. Mpwa, ambaye mwanzoni alitajwa mara mbili tatu ili tusimwone, sasa aliingia mapema na kukaa. Bi Karima alimpa mambo mazuri aliyoyaona kwa watu na kuyaweka akiba. Alimpa namna ya Mbae Mlamali ya kumenya chungwa bila kukata ganda, kisha kuligawa lote na kubaki na kipande cha mwisho. Alimfanya apande paa mchana wa jua na kuutengeneza mlizamu waliougombania wale wazee wawili, mpaka wakaona haya na kunywa kahawa pamoja. Alipokuwa akimsoma tulimpenda sote. Niliwahi kumwuliza kama si hila hiyo, kutupendezesha mtu halafu akatugeuzia. Alisema ingekuwa hila kama mazuri ya kijana yangekuwa ya uongo, na yote ni ya kweli. Sijui bado kama jibu lile linatosha. Ninalirudia jinsi lilivyo.

Katikati ya kazi hiyo serikali ikapeleka askari Nzuani, na mambo hayakwenda kama ilivyotangazwa. Mpwa wa Mbae Mlamali, mtoto wa dada yake hasa, alikuwa miongoni mwao, na habari zikaja kwamba ametekwa. Wiki zile mzee aliendelea kuja Alhamisi, nadhani kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na redio. Hakukisia tena muuaji. Siku moja baada ya kusoma alibaki nyuma, akasema ana wasiwasi na kijana yule wa mlizamu, wema huwa hawadumu kwenye hadithi za dada yake Karima. Akamwomba asimuue.

"Hatakufa, Mbae," Bi Karima akasema. "Nakuahidi."

Sura za mwisho zilikuwa tayari muda mrefu kabla hajazisoma. Kila Alhamisi alitafuta kisingizio, utepe wa taipu, koo, wageni. Mimi sikuelewa mpaka mateka walipoachiwa na mpwa wa Mbae Mlamali akarudi, amekonda, mzima. Alhamisi iliyofuata Bi Karima akasema koo limepona.

Sitaki kudai kwamba kilichotokea jioni ile kilitibu kitu. Mwenye nyumba aliitaka nyumba yake miezi michache baadaye, kwa upole ule ule. Bi Karima alirudi Mutsamudu na taipu yake, akaishi huko mpaka juzi. Na baadaye nikaona kwa macho yangu Wanzuani wakisukumwa kuelekea bandarini na mizigo vichwani, na miongoni mwa waliosukuma walikuwamo waliowahi kula karanga zetu. Hilo lazima liandikwe. Na lazima liandikwe pia hili lililobaki.

Baraza lilijaa siku ile kuliko siku zote. Walikuja wanaume ambao hawakuwahi kuja, wakasimama, mikono nyuma. Mwenye nyumba alisimama mlangoni. Bi Karima hakubadili neno. Alisoma jinsi karani wa kadhi, ambaye ndiye mpelelezi wake, alivyomrudia mwanamke wa Kitanga na kumwomba asimweleze tena maana ya alichosikia, alitamke tu. Akalitamka. Na nikaona baraza zima, mmoja baada ya mwingine, vichwa vikiinuka, kwa kuwa wao hawakuhitaji kufasiriwa. Akasoma jinsi kijana alivyofika mlangoni mwa ghala na jambo lake moyoni, akamwona mjomba wake, na mgongo wake ukainama wenyewe. Alikwenda kuua na hakuweza kuingia bila kuamkia. Bi Karima akakunja karatasi ya mwisho.

Mbae Mlamali alikuwa ametazama mikono yake.

"Ulinifanya nimpende," akasema.

"Sikukufanya. Ulimpenda mwenyewe."

"Basi sasa nimfanye nini?"

"Sijui, Mbae," Bi Karima akasema, na sauti yake haikuwa ya mtunzi. "Miezi yote hii najiuliza, na mimi sijui."

Mmoja wa wale wanaume waliosimama akaanza kusema kwamba ndivyo Wanzuani wanavyotuona, na Mbae Mlamali akamgeukia kabla hajamaliza. Akamwambia anyamaze, yule ni mtoto wetu, kaamkia, mtu wa kwingine angeingia tu na kisu chake. Na kama kuna wa kuulizwa basi ni mjomba, mjomba gani anayemfungia mpwa wake mlango mbele za watu? Yule mwanaume akasema mjomba ana haki ya kukataa. Mwenye nyumba, kule mlangoni, akasema haki anayo lakini si hadharani. Yule jirani aliyeacha kuazima kinu akasema hadharani au chumbani, kuua ni kuua. Wakaingiliana, sauti juu ya sauti, wakataja wajomba wao wenyewe kwa majina, ada zilizokataliwa tangu enzi za babu zao, na mtu mmoja akalia. Kwa miezi mingi sikuwa nimesikia ugomvi Magudju ambao haukuwa wa visiwa. Adhana ya magharibi ikawakuta bado wanabishana, wakavaa viatu wakibishana, wakaenda msikitini wakiwa kundi moja, na mpaka walipokata kona nilikuwa nikiwasikia wakimtetea na kumhukumu mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.